Anayelalamikia mshahara analalamikia nini?

Kila mwaka wanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi huja kufanya stazhi (mafunzo kazini) ofisini kwetu, na kila mwaka huja na mchoro ule ule wa kazi za idara ya wafanyakazi. Ni duara lililokatwa vipande sita au saba: kuajiri, kufundisha, kutathmini, kulipa, usalama kazini, mahusiano na sendika, yaani chama cha wafanyakazi. Kipande cha kulipa kimekaa upande wake, ukubwa sawa na vingine, hakigusani na mtu. Siwabishii. Mwisho wa mwezi ukifika nawaweka kwenye benchi nje ya mlango wangu wasikilize watu wanaoingia, halafu nawaomba waandike kila mmoja alilalamikia kipande gani.

Wote huandika "kulipa", na mara nyingi sivyo.

Nafanya kazi hii ya kushughulikia wafanyakazi katika kampuni ya usafirishaji yenye karakana yake huku Kampemba, mjini Lubumbashi. Kwa miaka yote hiyo jambo moja limenithibitikia: fishi ya mshahara, ile karatasi ya malipo ya mwezi, ndipo maamuzi mengine yote ya ofisi hii huja kuonekana. Tathmini ya upendeleo inaweza kulala kwenye faili mwaka mzima bila mwenyewe kujua. Cheo kilichoandikwa ovyo siku ya kuajiriwa kinaweza kukaa hivyo hivyo miaka kumi. Mkataba uliosainiwa kwa haraka hakuna anayeusoma mara ya pili. Lakini fishi hutoka kila mwezi, ina jina la mtu na tarakimu zake, na mtu huenda nayo nyumbani. Yote tuliyoyapitisha kimya kimya husomwa pale, tena na mkewe.

Fundi wetu mmoja wa kulehemu aliingia siku moja, akavua kofia ya kazi, akakataa kuketi. Aliweka mezani fishi yake, kisha akatoa simu na kunionyesha picha ya fishi nyingine. Aliipataje sikumuuliza, katika karakana ya watu themanini siri ya mshahara ni hadithi tunayojipa sisi wa ofisini. Akasema, "Mama, samahani. Ile mutoto alikuya juzi, mi njo nilimuonyesha kazi. Sasa ye njo ananipita?"

Hakusema mshahara hautoshi, wala hakutaja kiasi. Mwaka uliotangulia alikuwa ameongezewa na alishukuru. Angebaki kuridhika kama yule kijana asingefika.

Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Marekani, J. Stacy Adams, alieleza jambo ambalo karakana zetu zililijua bila kuliandika: mtu hapimi tu anachopata, hupima anachotoa dhidi ya anachopata, kisha huulinganisha uwiano huo na wa mwenzake. Akiona umepinda ataunyoosha kwa njia iliyo mkononi mwake. Atapunguza jasho, atachelewa, ataumwa Jumatatu, au ataondoka. Fundi wangu alichagua njia ya heshima, akaja kuuliza.

Basi tukafungua faili. Kijana alikuwa ameajiriwa wakati tumepata kazi ya haraka ya mgodi mmoja upande wa Kolwezi, na waliohitajika ni walehemaji wenye cheti. Siku hizo kila mwenye cheti alikuwa akivutwa huku na kule, kwa hiyo bei yake ilipangwa na soko. Bei ya fundi wetu ilikuwa imepangwa na historia. Aliingia kama msaidizi, akaandikwa kwenye daraja la wasaidizi, na kila mwaka akaongezewa asilimia juu ya daraja lile lile. Katikati ya miaka hiyo alisoma jioni INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, akaleta cheti, nasi tukakipiga nakala na kukifungia kwenye faili. Hakuna aliyempandisha. Kichekesho ni kwamba kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya hamsini na wasiozidi mia tatu, kama yetu, hulipia INPP mchango wa asilimia 2 ya jumla ya mishahara. Tulikuwa tunalipia mafunzo kila mwezi na kukipuuza cheti kilichotokana nayo.

Ukimpa huyu "nyongeza" umemkosea mara ya pili. Haki yake ilikuwa kupangwa upya kwenye daraja la kazi anayoifanya kweli, na mshahara ungefuata wenyewe. Sheria ya Kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, iko wazi hapo: kazi ikiwa sawa, ujuzi sawa na ufanisi sawa, mshahara ni sawa kwa wote bila kujali asili, jinsia wala umri. Sharti ni kwamba uwe unajua kazi ni sawa. Na hilo huwezi kulijua kama hujawahi kuketi na kuandika kila kazi inadai nini: ujuzi gani, uzito gani, hatari gani, kosa lake linagharimu kiasi gani. Hii ndiyo kazi inayochosha kuliko zote katika idara yetu, na ndiyo viongozi wengi huiruka. Mkurugenzi atakuuliza, "Mwaka huu tuongeze asilimia ngapi?" Swali hilo linapendwa kwa sababu jibu lake ni tarakimu moja. Lakini asilimia kumi kwa wote humwongezea mwenye 200 dola 20 na mwenye 2,000 dola 200, na kila upotovu uliokuwemo unabaki, ila sasa umenenepa.

Katika nchi yetu ngazi hizo si za kubuni kila mtu atakavyo. Kuna mpangilio wa jumla unaoanzia kibarua wa kawaida, unapita kwa wenye ujuzi nusu, wenye ujuzi, wenye ujuzi wa juu na wasimamizi, hadi makadre, yaani maafisa wa juu. Chini kabisa kuna kima cha chini cha kisheria, na ngazi za juu yake huhesabiwa kwa kukizidisha. Kwa hiyo kima kile kikilala, ngazi nzima inalala nacho. Mwaka 2018 kiliwekwa kuwa falanga 7,075 kwa siku, wakati dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban 1,600. Gawanya: ni dola nne na senti kadhaa. Kufikia 2024 dola ilikuwa imepita 2,700 na kima kilikuwa hakijasogea. Mtu yule yule, kazi ile ile, dola mbili na nusu hivi. Mwaka 2025 ndipo serikali ikakipandisha hadi 14,500.

Huku Lubumbashi wengi walijikinga kwa kuandika mikataba kwa dola, ingawa sheria inataka mshahara utajwe kwa fedha halali ya nchi. Tukazoea kuona dola kama ukuta. Halafu miezi ya mwisho ya 2025 falanga ikapata nguvu, dola ikashuka chini ya 2,500, na waliokuwa wakilipwa kwa dola wakaenda sokoni wakakuta bei za falanga hazijashuka nao. Wiki hizo benchi langu lilijaa makadre, watu ambao kwa kawaida hawaketi pale. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli, na kwa mara ya kwanza waliyaelewa yale ambayo vibarua walikuwa wakiyasema tangu zamani: mshahara ni mkataba, kiwango cha kubadilishia fedha na tarehe ya kubadilisha, vyote vitatu kwa pamoja.

Mji huu haukuanza jana kuuchanganya mshahara na mambo mengine. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyoundwa 1906, ilikuwa na idara iliyoitwa M.O.I., ya wafanyakazi wenyeji, na ukitaka kumjua babu wa ofisi kama yangu, basi ndiye huyo. Miaka ya mwanzo kampuni iliokota watu mbali, kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, hata Ruanda-Urundi, kwa mikataba mifupi. Waliofika waliugua, walikufa, walitoroka, na kila aliyetoweka alihitaji mwingine asafirishwe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakageuza mkondo: mikataba ya miaka mitatu, mtu aje na mke, nyumba kambini, posho ya chakula, hospitali, shule ya watoto. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Waliona kumbakiza mtu ni rahisi kuliko kumtafuta mwingine.

Ukiangalia kwa jicho la kazi yangu, huo ulikuwa mfumo kamili. Kuajiri, kutunza, kufundisha, kulipa na kusimamia vyote vilifungwa kwenye fundo moja, na ndiyo maana ulidumu. Lakini fedha taslimu ndani yake zilikuwa chache, na anayekupa nyumba anaweza pia kukutoa humo. Vita ilipopandisha bei, nyumba na posho havikutosha kufunga midomo. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai mshahara, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi waliokusanyika uwanjani Élisabethville, yaani hapa hapa. Makumi waliuawa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyekuwa akiwasemea wenzake. Nawatajia wanastazhi habari hii mapema kwa sababu vitabu vyao hupenda kusema kwamba marupurupu huleta utulivu. Huleta kwa mtu aliyeshirikishwa kuyapanga.

Mwaka 1967 kampuni ikawa ya taifa, baadaye tukaijua kama Gécamines, na mfumo ukaendelea. Babangu alilipwa kwa namna hiyo. Mshahara wake sikuujua kamwe, ila nilijua siku gunia la bunga (unga) linaingia nyumbani, kwa sababu mamangu ndiye aliyelipokea. Miaka ya 1990 uzalishaji ulipoanguka, mishahara ikakatika miezi na miezi, na ndipo ubaya wa lile fundo ukaonekana: ilipokufa kazi, vilikufa pamoja nayo shule, zahanati na sahani. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nani alikuwa na hiari baada ya kukaa bila mshahara, sijui kama kuna aliyeuliza. Ninachokijua ni kwamba hesabu ya kumwondoa mtu nayo ni sehemu ya malipo yake, na huandaliwa tangu siku ya kwanza ya kazi, si siku ya mwisho.

Hapo ndipo naomba msomaji anayelipwa mshahara achukue fishi yake tuisome pamoja, maana jambo hili huwaponyoka hata wenye digrii.

Sheria yetu inatenganisha vitu viwili. Kuna malipo yenyewe: mshahara, kamisheni, nyongeza ya ugumu wa maisha, bonasi, mwezi wa kumi na tatu kama upo, thamani ya vitu unavyopewa. Na kuna vitu unavyopata ila havihesabiwi kuwa malipo: matibabu, nyumba au posho yake, usafiri, posho za familia za kisheria, na vile unavyopewa ili tu uweze kufanya kazi. Mpaka huu ni wa haki kabisa kwenye karatasi. Ila angalia unavyochezewa.

Tuseme madereva wawili, kila mmoja anaona dola 600 kwa mwezi kabla ya makato. Wa kwanza ameandikiwa mshahara 500, na 100 za nyumba na usafiri. Wa pili mshahara 300, na 300 ni posho hizo hizo. Wakikutana kwenye nganda (baa) wanapongezana, wako sawa. Kwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hawako sawa hata kidogo. Mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya malipo na mwajiri 13. Wa kwanza ana 25 zake na 65 za mwajiri, jumla 90 kila mwezi. Wa pili ana 15 na 39, jumla 54. Siku ya kustaafu ndipo watakapotofautiana. Na kabla ya hapo: mtu akiugua muda mrefu, sheria inamhakikishia theluthi mbili ya malipo yake, mama akijifungua, wiki zake 14 zinahesabiwa kwa theluthi mbili hiyo hiyo. Theluthi mbili ya 500 na theluthi mbili ya 300 si chakula kimoja. Wa pili, kwa miezi michache, hata anafurahi zaidi, kwa sababu makato ni madogo na anachotia mfukoni ni kikubwa. Ndiyo maana mbinu hii inapita bila kelele. Mimi naiita wizi wa polepole, ingawa najua wenzangu wa uhasibu huiita busara ya kodi, na tumekwisha kubishana vya kutosha.

Matibabu nayo. Kisheria mwajiri ana wajibu wa kumtibu mfanyakazi na familia yake, na katika kampuni nyingi wajibu huo ni karatasi ndogo, bon ya hospitali, unayokuja kuisaini dirishani. Sijawahi kuona kitu kinachowafunga watu kwenye kazi kuliko karatasi ile. Tumempoteza fundi kwa kampuni iliyomwongezea dola 80, akarudi kuomba kazi kabla mwaka haujaisha, kwa sababu kule orodha ya watoto iliishia kwa wawili. Walimu wetu wa uhasibu wa gharama wangeiweka bon hiyo kwenye mstari wa matumizi. Mimi naiweka kwenye kuajiri, maana ndiyo tangazo letu la kazi lenye nguvu kuliko yote, na hatulilipii gazetini.

Dada yangu mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi Katuba, na kwake nilijifunza upande mwingine wa jambo hili. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya alichopata haikutoka kwa serikali. Ilitoka kwa wazazi, ile prime, nyongeza ya kila muhula. Septemba 2019 elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za umma, prime ikaondoka, na walimu wengi wa mjini wakajikuta na pungufu kuliko awali hata baada ya serikali kuwaongeza. Wa vijijini, ambako wazazi hawakuwa na cha kutoa, walipata afueni. Bure ilikuwa sera njema, sina ubishi. Ila jiulize: mwalimu anayelipwa na wazazi, bosi wake ni nani? Mkaguzi akimwambia abadilishe namna ya kusahihisha, na mzazi mwenye mchango mkubwa akataka vingine, atamsikiliza nani? Usimamizi hufuata pale fedha inapotokea. Nimeliona hilo hata kwa madereva wetu waliokuwa wakipewa "kitu kidogo" na wateja njiani Kasumbalesa, mpakani na Zambia: ratiba ya safari ilikuwa yetu kwa maandishi, kwa vitendo ilikuwa ya mteja.

Kuhusu vibarua wa siku nitasema machache, maana sheria yenyewe imesema vizuri. Mtu akiajiriwa siku kwa siku, akishafikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo kuisha anahesabiwa kuwa na mkataba usio na ukomo. Ndiyo sababu katika mji huu kuna watu wanaosimamishwa siku ya ishirini na moja, wanalala nyumbani, kisha wanaitwa. Kila mtu anajua hesabu hiyo: mlinzi wa geti anaijua, hata mama wa chai anajua nani "yuko kwenye ishirini na moja". Wengine hupitishwa kwa kampuni ya katikati, wanavaa koti la rangi nyingine na kufanya kazi ile ile pembeni ya mwenye mkataba. Ukiuliza kwa nini kibarua hajali mashine, utaambiwa hana nidhamu. Mimi naangalia kwanza amesaini nini.

Na sasa geti. Siku ya mshahara, jioni, ukitoka kwetu utaona wanaume wawili watatu wamesimama ng'ambo ya barabara karibu na wauza vocha. Wamevaa vizuri, hawana haraka. Hao ndio banki lamberi, wakopeshaji wa riba wa mitaani. Mfukoni mmoja wao ana rundo la kadi za benki zilizofungwa kwa mpira, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina na namba ya siri. Ni kadi za wafanyakazi wangu. Mtu alikopa 100 katikati ya mwezi, mtoto anaumwa au shule imemrudisha, anarejesha 150. Kadi ndiyo rehani. Mkopeshaji huenda kwenye mashine ya benki mwenyewe, huchukua chake, humkabidhi mwenye kadi kilichobaki pamoja na kadi, na mara nyingi kadi hairudi kwa mwenyewe hata usiku mmoja kwa sababu mkopo mpya huanza palepale.

Nilipoanza kufuatilia nikaona mambo mawili. Kwanza, waliokuwa kwenye rundo lile hawakuwa wenye mishahara midogo kuliko wote. Walikuwemo madereva wa masafa, wanaopata vizuri. Pili, rundo lilinenepa kila mwezi ambao sisi tulichelewesha mshahara. Sheria inataka mshahara ulipwe si zaidi ya siku sita baada ya mwezi wake kuisha. Sisi tulikuwa tunafika tarehe kumi, kumi na mbili, tukisubiri mteja mkubwa atulipe. Kwa mkurugenzi wa fedha siku hizo za kuchelewa zilikuwa mtaji wa bure. Kwa dereva aliyekopa 100, zilikuwa riba ya mwezi mwingine. Kampuni ilikuwa imempunguzia mtu mshahara bila kugusa tarakimu hata moja.

Tulianzisha avansi (malipo ya awali) ya katikati ya mwezi, bila riba, yenye kikomo, na tukakubaliana na idara ya fedha kwamba tarehe ya mshahara haisogei hata mteja asipolipa. Mabishano yalikuwa makali. Hoja iliyoshinda haikuwa ya ubinadamu; ilikuwa orodha ya ajali ndogo na utoro, ambayo ukiipanga kwa tarehe ilikuwa imejazana katika wiki ya ucheleweshaji. Wanaume wa ng'ambo ya barabara hawajaisha, ila rundo limepungua. Likelemba za karakana, ile michezo ya kuchangiana fedha kwa zamu, nazo zimeshika vizuri zaidi, maana likelemba haiwezi kuishi bila tarehe inayojulikana.

Jambo la bonane, zawadi ya mwaka mpya, ndilo lililonichekesha na kunifikirisha kwa pamoja. Mwisho wa mwaka kampuni ilikuwa ikigawa gunia la bunga, mafuta na samaki wa barafu. Kugawa ni kazi: lori, foleni, magunia yanayochanika, wengine kudai wamepewa lenye uzito pungufu. Mwaka mmoja uongozi ukaamua kutoa fedha zenye thamani ile ile, hata zaidi kidogo, kwenye simu ya kila mtu. Kwa kitabu cha uchumi hakuna aliyepoteza. Delege (mwakilishi) wa sendika akaja na barua. Watu wanataka gunia.

Nilifikiri ni mazoea ya kambi tu, kizazi cha baba zetu. Nilipouliza karakanani wanaume walizungukazunguka. Aliyenijibu ni mama mmoja wa usafi, aliyeajiriwa kwetu na ambaye mumewe ni dereva wetu pia: "Mama, falanga za telefone zinapita na njia. Gunia haina njia, inakuya tu mu nyumba." Tangu hapo sijaandika tena waraka wa marupurupu bila kujiuliza yanafika mikononi mwa nani. Gunia lilirudi mwaka uliofuata. Makadre waliruhusiwa kuchagua fedha, na si wachache waliochagua gunia.

Mwanasaikolojia Herzberg alishasema mwaka 1959 kwamba mshahara mbaya humkera mtu, lakini mzuri peke yake haumtii ari. Ari hutoka kwenye kazi yenyewe, kutambuliwa, kupewa dhamana. Wanastazhi hunukuu maneno hayo wakitaka kunionyesha kwamba fedha si muhimu sana. Wanaisoma nusu. Yule fundi wa kulehemu alitambuliwa kwa barua nzuri ya pongezi, mbele ya wenzake, mwaka ule ule ambao daraja lake lilibaki la msaidizi. Barua bado anayo. Aliniambia anaiweka na vyeti vya watoto, na kwamba ndiyo iliyomtia hasira zaidi.

Hivi sasa tuko mezani na sendika kwa ajili ya makubaliano mapya. Safari hii delege walifika bila asilimia. Walitaka kwanza orodha ya kazi zote na madaraja yake, kila mstari na sababu yake, kisha wakaomba ibandikwe kwenye ukuta wa karakana kabla hatujazungumza fedha. Mkurugenzi alinitazama kama vile ni mimi niliyewafundisha. Madaraja ya chini tumeyamaliza kwa vikao viwili. Tumekwama kwenye walehemaji, kwa sababu sendika inataka miaka ya kazi ihesabiwe kama ujuzi hata bila cheti, mkuu wa karakana anataka cheti tu, na mimi nimependekeza wafanyiwe jaribio la kazi mbele ya mtu wa INPP, kampuni igharamie. Kikao kinachofuata ni Alhamisi, na hakuna aliyekubali bado.